Nilivyosoma saikolojia mtandaoni huku nikikesha na wazee

Watu wa nyumbani wakisikia nimesoma shahada kwa njia ya mtandao, hudhani nilijilaza kitandani nikitazama video. Video zilikuwepo, chache, na nyingine niliziruka. Kusoma saikolojia mtandaoni ni kuandika. Jumatano uwe umeshajibu swali la mjadala, Jumapili kabla ya saa sita usiku uwe umewajibu wenzako wawili, na jibu la "nakubaliana nawe" halina maksi. Mwisho wa muhula kuna karatasi ndefu kwa mtindo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, wenye sheria hata ya mahali pa kuweka mkato. Asiyependa kuandika atateseka, bora ajue mapema.

Ninaishi Minnesota, Marekani. Nilikuja kwa grini kadi ya bahati nasibu, na kama wengi wetu nikaanza kubeba boksi: msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Wazee waliopoteza kumbukumbu huamka saa nane usiku wakiwatafuta waume na wake waliokwisha kuzikwa zamani. Kila mfanyakazi alikuwa na lake la kuwaambia. Mmoja anasema ukweli, mwingine anadanganya kwa huruma, wa tatu anabadilisha mazungumzo. Nilitaka kujua nani kati yetu anafanya sawa, na ndiyo sababu nikachagua saikolojia nikaacha uuguzi, ingawa kila mtu aliniambia uuguzi ndio wenye pesa. Wana haki, ndio wenye pesa.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani pointi unazokusanya kwa kila somo unalofaulu. Raia, mwenye grini kadi na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaweza kuomba msaada wa serikali kuu kwa fomu iitwayo FAFSA, na mwenye kipato kidogo hupata Pell Grant, ambayo hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Mwenye viza ya mwanafunzi hana haki hiyo. Tena katika mzigo wa masomo anaotakiwa kuwa nao kila muhula, anahesabiwa somo moja tu la mtandaoni, kwa hiyo njia niliyopita mimi haimfai hata akiwa na fedha zake.

Nusu ya krediti nilizikusanya kwenye chuo cha miaka miwili, ambako ada ni ndogo, kisha nikahamia chuo kikuu cha serikali chenye programu ya saikolojia ya mtandaoni mtupu. Kabla ya kuchukua somo lolote nilimwandikia mshauri wa masomo wa kile chuo cha pili anijibu kwa maandishi: hili mtalipokea, na hili je? Barua pepe zile nilizitunza kama hati ya shamba. Kuna masomo mengine sikuyasoma darasani kabisa. Mitihani ya CLEP hukuruhusu kufanya mtihani mmoja tu na kupata krediti za somo zima, chuo kikikubali, na upo wa Utangulizi wa Saikolojia. Shirika la Modern States hukufundisha bure mtandaoni na kukulipia ada ya mtihani.

Halafu kuna hili la Kiswahili, ambalo nikiwasimulia Wabongo wenzangu hawaamini. Programu yangu ilidai lugha ya kigeni. Wenzangu walihangaika na Kihispania mihula kadhaa. Mimi nilifanya mtihani wa kuzungumza wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha za kigeni, kwa simu: mtu anakuuliza habari za kwenu, kazi yako, maoni yako kuhusu hili na lile, nawe unamjibu kwa Kiswahili. Chuo kikanipa krediti. Mtoto wa Tanga kulipwa kwa kupiga soga!

Takwimu haikuwa soga. Hesabu niliziacha kidato cha nne na sikuzikumbuka kwa mapenzi yoyote, lakini shahada ya saikolojia haikwepi takwimu wala mbinu za utafiti. Kilichonisaidia ni kutokwenda na kasi ya kitabu. Wastani, mkengeuko sanifu (namba zimetawanyika kiasi gani) na kile kipimo cha t (cha kulinganisha wastani wa makundi mawili) nilivikokotoa kwa mkono kwenye daftari hadi vikanizoea, ndipo nikagusa programu ya kompyuta. Nilitumia jamovi, ambayo ni ya bure. Kipimo cha t, kwa njia, kilibuniwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akakichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia "Student". Tangu nijue kilitoka kwenye bia, hofu yangu ilipungua zaidi ya nusu.

Mitihani ilisimamiwa kwa kamera. Unazungusha kompyuta ionyeshe chumba kizima, hadi chini ya meza, na sauti ya mtu mwingine ikisikika unatiliwa shaka. Kwa nyumba ya Waswahili, ambako mgeni habishi hodi mara moja akaondoka, ilibidi nibandike karatasi mlangoni na kuwaomba majirani radhi.

Kilichonifanya niendelee, hata wiki za shifti mfululizo, ni siku nilipomkuta Mary Ainsworth. Kila kitabu cha saikolojia ya ukuaji kina jina lake, kwa jaribio la kumwacha mtoto chumbani na mgeni na kuangalia anavyompokea mama akirudi. Ambalo sikulitegemea ni kwamba mawazo yake yalianzia jirani kwetu. Miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akitembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao. Kitabu chake kuhusu watoto wale kilitoka 1967. Jaribio la chumbani alilibuni baadaye, Baltimore.

Karatasi yangu ya mwisho niliijenga juu yake, nikaongeza utafiti uliofanywa Kisii, Kenya. Huko mtoto mchanga huzoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, kwa hiyo mama aliporudi, mtoto aliyetulia alinyoosha mkono apokee salamu. Hakutaka kubebwa. Anayesahihisha kwa macho ya Baltimore angeweza kumwandika mtoto huyo kuwa hajali. Mhadhiri alinirudishia na swali pembeni: je, na wewe ulilelewa hivyo? Hapana, nikamjibu, mimi nililelewa mgongoni mwa dada yangu. Hilo nalo liko kwenye utafiti wa Ainsworth, kwamba mtoto hujenga uhusiano na walezi zaidi ya mmoja.

Mama alipoona picha ya mahafali aliuliza, "Mwanangu, kwa hiyo sasa unatibu wenye wazimu?" Simtibu mtu. Kwa shahada ya kwanza ya saikolojia Marekani huwi mshauri mwenye leseni, sembuse mwanasaikolojia. Wa kwanza hutakiwa uzamili na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi, wa pili kwa kawaida udaktari. Mimi imenipa kazi ya kuratibu huduma za wagonjwa wa akili, ya ofisini, yenye mshahara mzuri kidogo kuliko wa awali. Anayetaka kusoma hivi akiwa Tanzania aulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwanza kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa, kisha ahakikishe chuo kina ithibati kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, maana matangazo ya vyuo vya mfukoni ni mengi kuliko vyuo.

Uzamili nimeshaomba, wa ustawi wa jamii. Madarasa yake ni ya mtandaoni, lakini mafunzo ya vitendo ni ya ana kwa ana na ni mchana, kwa hiyo zamu za usiku za wikiendi nilizokuwa bado nazishikilia kule kwa wazee nimeziachia.