Siku moja na wakulima 38 wa darasa la awali

Saa 12:20 asubuhi. Milima ya Uluguru bado imejifunika ukungu. Namkuta mlinzi wetu akimwagilia tuta. Jana nilimwomba alilainishe, maana udongo ulikuwa mgumu kama tofali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Leo tunafundisha au tunalima?"

Tuta nimelipima upana wa sentimita 70 tu. La watu wazima hufika mita moja, ila mkono wa mtoto wa miaka mitano haufiki katikati, atakanyaga miche.

Saa 2:30. Naingia bustanini na watoto kumi kumi, wengine wanabaki na mwalimu mwenzangu wakiimba. Majembe yetu ni vijiko vya zamani na vifuu. Samadi ya mbuzi kaileta mzazi mmoja. Imekaa hadi imekuwa nyeusi na harufu imekwisha. Watoto hawadanganyiki.

"Mwalimu, haya ni mavi!"

"Yalikuwa."

Kicheko hicho kimekula dakika tano nzima.

Saa 3:15. Tunapanda. Nimechagua kunde kwa sababu punje yake inashikika na vidole vidogo. Kila mtoto anatoboa shimo kwa kidole hadi kiungo cha pili, anaweka punje mbili, anafukia. Matembele ni rahisi zaidi: kipande cha shina, vifundo viwili vitatu chini ya udongo, basi. Mchicha ndio ulionishinda. Mbegu zake ni kama vumbi, hivyo nilizichanganya na mchanga ili zisambae, lakini kona moja imepata karibu kopo zima. Itaota kama nywele. Tutaing'olea na kuipika ikiwa michanga. Karoti sikuzigusa, miezi mitatu kwa mtoto wa awali ni karne.

Saa 4:00. Kunawa kwa sabuni, hadi chini ya kucha. Uji.

Saa 5:10. Namkuta mtoto mmoja amechuchumaa peke yake, amefukua kunde zake zote. "Nilitaka kuona kama zimeamka." Tumezirudishia pamoja. Sikumkemea, na sababu yake ninakutana nayo getini.

Saa 6:15. Mama mmoja anatazama sketi ya mwanawe iliyojaa tope. "Mwalimu, nimemleta asome. Kosa gani amefanya hadi apewe jembe?"

Swali halali. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, lakini wengi wetu tuliokulia shule hizi tunalikumbuka shamba kama adhabu: umechelewa, kalime. Kwa hiyo nina sheria moja: hakuna mtoto anayepelekwa bustanini kwa kosa, wala anayezuiwa kwenda kwa kosa. Nikamweleza hivyo mama. Hakukubali wala kukataa. Aliuliza tu kama tunahitaji vipande zaidi vya matembele, kwake yamejaa uani.

Saa 10:00. Kuku wa jirani amegundua tuta. Babu na mimi tunazungushia matawi ya miiba.

Saa 2:30 usiku. Nyumbani, nakata chupa ya maji, naweka pamba iliyoloweshwa maji, kisha punje nne za maharage zikigusa ukuta wa chupa. Kesho itakaa dirishani. Yule mfukuaji ataweza kuona zikiamka bila kuzisumbua.