Siku yangu na maji mazito

Saa 11:30 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Dodoma inauma na upepo umeshapitisha vumbi chini ya mlango. Chai, sweta, daladala. Kijana wa bodaboda pale kituoni huniita "dada wa nyuklia" tangu aliposikia kwamba nafanya kazi na maji mazito. Nimemweleza, na nitaendelea kumweleza: maji mazito ni maji ambayo haidrojeni yake ni deuteriamu, na deuteriamu haina mionzi. Ni haidrojeni ile ile, ila kiini chake kimeongezewa nyutroni moja, kwa hiyo uzito wake ni kama mara mbili. Yenye mionzi ni tritiamu, na sisi hatuigusi.

Saa 2 asubuhi. Tangu jana jioni chupa yangu imekuwa ikizunguka kwenye joto: ibuprofeni (dawa ya maumivu), maji mazito, unga wa mkaa uliobeba metali ya paladiamu, na puto la haidrojeni juu yake. Paladiamu inazilegeza haidrojeni za kaboni zilizo jirani na pete ya benzini (duara la kaboni sita ndani ya molekuli), kisha deuteriamu ya yale maji inachukua nafasi zao. Leo nachuja, na wakati wa kuchuja sizungumzi na mtu. Mkaa ule ukikauka kwenye karatasi huku kuna mvuke wa methanoli, unawaka wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliona ukingo wa karatasi ukitambaa wekundu kama jiko linalopulizwa. Sasa nauhamishia kwenye chombo cha maji ungali chapachapa.

Bidhaa yangu haimezwi na mtu. (Zipo dawa za kumeza zenye deuteriamu, ya kwanza, deutetrabenazini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.) Hii ni ya kupimia. Anayetafuta kiasi cha dawa kwenye damu anaongeza ibuprofeni nzito, kiasi anachokijua, kabla hajaanza kuisafisha sampuli. Kitakachopotea njiani kitapotea kwa zote mbili, uwiano utabaki vilevile. Ndiyo maana molekuli nyepesi zikibaki kwenye chupa yangu nakosa raha: zitahesabiwa kama dawa ya mgonjwa.

Saa 4:20 umeme ukakatika.

Chupa inaweza kusubiri. Mashine ya kupimia uzito wa molekuli haiwezi, kwa sababu ndani yake hakutakiwi hewa. Pampu zikisimama ni kuanza kuinyonya upya hadi kesho. Betri zinaibeba kama nusu saa. Jenereta haina dizeli, mzee anayeitunza ameondoka na dumu. Nimekaa mbele ya kioo nikihesabu: asilimia 70, 61, 55. Betri zinalia kila baada ya sekunde chache. Simu nayo inalia: ni kaka anayeisubiri bidhaa yangu.

"Dada, uliniambia leo."

"Ndiyo kaka, umeme umekatika."

"Sasa si muwashe jenereta?"

Nikamweleza. Akapiga tena ikiwa 38. Nikamweleza tena. Mara ya tatu, ikiwa 19, akauliza ni kitu gani hicho cha kuchukua siku tatu wakati kinaingia kwenye kichupa kidogo namna ile. Koo likanikaba, sikumjibu. Hajui kwamba usiku nilirudi saa 4 kuangalia joto, na hakuna aliyemwambia.

Ikiwa 9 mlango ukafunguka. Mzee, dumu begani, kiatu kimoja kimelowa dizeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, pole. Foleni ndefu."

Ngurumo ya jenereta ile ningeweza kuikumbatia.

Baada ya hapo saa sikuziangalia. Nilisuuza kwa maji ya kawaida ili deuteriamu iliyokaa kwenye oksijeni itoke, maana hiyo haidumu; iliyokaa kwenye kaboni haiendi popote. Nikakausha. Wali nilikula umepoa, nimesimama. Jua lilikuwa linashuka nilipoingiza tone la kwanza kwenye mashine.

Ibuprofeni ya kawaida ikiwa na chaji hasi husimama kwenye uzito wa 205. Ya kwangu ilisimama 208, yaani deuteriamu tatu zimeingia: mlima mmoja mrefu, na pale 205 palikuwa karibu tambarare. Nilirudia mara tatu. Ikawa vilevile mara tatu.

Nikaandika lebo kwa mkono, nikafunga kifuniko, nikampigia yule kaka. Alipokea akiwa soko la Majengo, kelele tupu, ikabidi nipaze sauti: iko tayari, njoo kesho asubuhi.