Jina la Aliyekuza Fuwele

Saa tano za usiku. Makala imekamilika tangu juzi, michoro imepangwa, barua kwa mhariri ipo. Imebaki fomu moja tu inayodaiwa na jarida: kila mwandishi alifanya nini. Leo nimeifungua mara tatu na mara zote tatu nimeifunga.

Tuko saba. Jina langu ni la kwanza kwa kuwa vipimo nilivichukua mimi. La mwisho ni la mkuu wa maabara, maana katika fani yetu ya fizikia nafasi ya mwisho ni ya mwenye nyumba. La tatu ni la mwenzetu anayekuza fuwele, vile vipande vigumu ambavyo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu, na ambavyo mimi huvipima. Sote tunamwita Fundi.

Fomu ina majukumu 14 ya kuchagua. Mimi nimeweka alama kwenye "uchunguzi" bila kusita. Nilipofika kwa Fundi, kisanduku pekee kilichomfaa kilikuwa "rasilimali". Nikasoma maelezo yake: kutoa vifaa, sampuli, wanyama wa majaribio, kompyuta. Kwa hiyo aliyetoa kompyuta na Fundi wangu wanaingia kisanduku kimoja. Hapo ndipo nilipoifunga mara ya kwanza.

Acha niandike alichofanya, angalau hapa. Anapima metali zake kwa miligramu, anazitia kwenye kichungu kidogo pamoja na bati jingi la kuziyeyusha, kisha anakifungia ndani ya bomba la kwatzi, kioo kinachohimili moto mkali, lililonyonywa hewa. Tanuru linapanda hadi nyuzi 1,000, halafu linashuka nyuzi mbili kwa saa mpaka 600. Hizo ni saa 200, siku nane na ushei za kungoja. Mwishoni analitoa bomba likiwa bado la moto, analigeuza juu chini, analizungusha kwa kasi ili bati ambalo bado ni maji litoke. Kinachobaki ni vibapa vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Siku nyingine hubaki vumbi jeusi.

Kazi yangu huanzia hapo. Chini ya hadubini nachukua kibapa kisichofika milimita mbili, nabandika juu yake nyuzi nne za dhahabu kwa matone ya rangi ya kupaka yenye madini ya fedha, huku nikizuia pumzi. Nyuzi mbili zinapitisha mkondo, mbili zinapima volti. Kisha tunashusha sampuli kwenye baridi ya heliamu, gesi iliyogeuzwa kuwa maji, na kuangalia ukinzani wa umeme unavyokwenda.

Usiku mmoja, kwa fuwele za mkupuo wa tatu kutoka tanuru la Fundi, ukinzani ulianguka hadi sifuri. Supakondakta, kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote! Nilikuwa peke yangu, nikapiga kelele, nikaandika ujumbe kwa mkuu wa maabara kabla hata sijakaa. Asubuhi Fundi alikuja, akainama kwenye skrini, akatazama namba iliyokuwa chini ya mstari ule ulioanguka: kelvini 3.7, yaani nyuzi 3.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Hakutazama kitu kingine.

"Hilo ni bati langu, mwanangu."

Bati huwa supakondakta chini ya kelvini 3.7. Nililisoma hilo zamani, nikalisahau usiku niliolihitaji. Masalia yake yalikuwa yamejificha kati ya tabaka za fuwele, membamba kiasi kwamba hadubini haikuyaona, lakini yameungana vya kutosha kuupitishia mkondo njia ya mkato. Nilikuwa nimevumbua kitu kinachojulikana kwa miaka mingi, tena kwenye uchafu. Fundi akaenda kuhangaika na mikupuo mingine mitatu ya bati, asidi ya kuoshea, joto tofauti la kuzungushia. Kwenye mkupuo wa saba aliacha bati kabisa, akatumia bismathi, metali nyingine inayoyeyuka upesi, ambayo katika baridi yetu haina tabia hiyo. Ukinzani ukaanguka tena, safari hii juu ya kelvini 5, na pale penye 3.7 hapakuonekana hata kidaraja.

Sasa niambieni, kujua namba fulani maana yake nini, hilo nalo ni rasilimali?

Jambo hili ni la zamani kama fani yenyewe. Tarehe 8 Aprili 1911, huko Leiden, Uholanzi, ukinzani wa zebaki ulipimwa kwenye baridi ya heliamu na ukaonekana umetoweka. Heike Kamerlingh Onnes alikuwa kwenye mitambo ya baridi pamoja na fundi wake mkuu, Gerrit Jan Flim. Mbali na mtetemo wa pampu, katika chumba kingine, Gilles Holst alikuwa anasoma galvanomita, kifaa cha kupima mkondo wa umeme. Macho ya kwanza kuona ukinzani ukitoweka yalikuwa yake. Makala ilitoka kwa jina moja tu, la Onnes, na mwaka 1913 Onnes akapata Nobel. Sitaki kumdharau mzee huyo. Bila ile heliamu aliyoigeuza kuwa maji mwaka 1908 kusingekuwa na cha kupima. Desturi ya siku zile ilikuwa hiyo. Ila kila nikikaa mbele ya skrini usiku namkumbuka Holst kwenye chumba chake.

Leo desturi imebadilika, na mfano ninaoupenda uko Tsukuba, Japani. Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi wanakuza fuwele za nitridi ya boroni kwa mtambo mkubwa wa kugandamiza, kwenye joto linalopita nyuzi 1,500. Ni safi kiasi kwamba karibu kila anayefanya kazi ya grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, duniani anaziomba kwao. Makala ya 2018 iliyoonyesha kwamba karatasi mbili za grafini zikipishanishwa kwa pembe ya nyuzi 1.1 hivi huwa supakondakta ina majina yao, la nne na la tano. Wamo katika mamia ya makala nyingine. Wako wanaonung'unika kwamba mtu hawezi kuwa mwandishi wa kazi nyingi hivyo. Mimi naona wamepewa haki yao: toa fuwele zile, makala hizo hazipo.

Tatizo liko kwenye kuhesabu. Kipimo cha h, ambacho siku hizi kinaamua nani aajiriwe na nani apandishwe cheo, alikibuni mwenzetu wa fani hii hii, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Kipimo hakiulizi ulikuwa wa kwanza au wa saba, wala kama ulishika tanuru au ulisoma rasimu ukasema "nzuri". Wote mnapata moja.

Na kuna upande ambao hauhesabiki hata kidogo, ule wa dhamana. Mwaka 2002 iligundulika kwamba Jan Hendrik Schön, mwanafizikia wa maabara ya Bell Labs huko Marekani, alikuwa amebuni data. Kelele za mashine, zile nukta zinazorukaruka ambazo haziwezi kujirudia, zilikuwa zilezile katika vipimo tofauti. Kamati ya uchunguzi iliwaondolea waandishi wenzake tuhuma za udanganyifu, lakini ikaacha swali zito juu ya wajibu wao: majina yao yalikuwa pale, na nani kati yao alikiona kipimo kikifanyika? Nadhani ndiyo maana ile asubuhi ya bati hainitoki kichwani. Fundi alikuwa mwandishi tangu pale alipoinama kwenye skrini na kuniambia nimekosea.

Nami najua ladha ya upande wa pili. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye maabara ambayo sitaitaja, niliunganisha nyaya kwenye sampuli kwa miezi kumi. Makala ilipotoka nilikuwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, jina limekosewa herufi. Nililia siku hiyo.

Nimempigia Fundi simu.

"Fundi, samahani kwa usiku huu."

"Sema, mwanangu."

Nikamweleza kwamba nataka jina lake liwe la pili, na alama ya kuonyesha kuwa mimi na yeye tumechangia sawa, mkuu ameshakubali. Akanyamaza kidogo.

"Sawa. Lakini ile sehemu ya mbinu umeandika mkupuo wa saba peke yake. Weka yote sita ya mwanzo. Andika kwamba bati hubaki kati ya tabaka, hata ukiosha. Mwingine akianza na bati atapoteza miezi mitano kama sisi."

Nimeandika. Aya ile ya mistari minne sasa ni ukurasa mzima, pamoja na mchoro wa ule mstari wenye aibu wa kelvini 3.7. Nimemtumia aukague. Amejibu sasa hivi, saa saba kasoro, neno moja la kusahihisha: kwenye mkupuo wa saba tanuru lilishuka nyuzi moja na nusu kwa saa, si mbili.

Kwenye daftari langu lipo mbili. Nimebadilisha.