Mashine ya majani, mjakaranda na mvua

Vuli ya dada yangu si vuli yangu. Yeye yuko Massachusetts, ambako mwezi wa kumi majani hugeuka mekundu na ya manjano, kisha yakapukutika karibu yote kwa wiki chache. Mimi niko Kileleshwa, Nairobi, na vuli kwangu ni mvua. Ila nina mjakaranda langoni. Kuanzia Septemba maua yake ya zambarau hufunika matofali ya kabro uani, na yakilowa utateleza kama umekanyaga ganda la ndizi. Nyuma ya nyumba kuna mgrevilia usiojua msimu. Unaangusha majani mwaka mzima.

Mwaka jana dada alikuja likizo akaniletea mashine yake ya zamani. Inapuliza majani, na ukibadilisha bomba na kufunga mfuko, inafyonza na kusaga. Nilinunua adapta ya plagi barabara ya Luthuli, mjini, nikachomeka. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi nilipoona kibandiko: volti 120, ampea 12. Umeme wetu ni volti 240! Nilichomoa mbio.

Fundi alinifanyia hesabu papo hapo. "Mia moja ishirini mara kumi na mbili, mama, ni wati 1,440. Ukichukua transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,500 itachemka. Beba ya 3,000." Nikaibeba, na uzito wake ukanilazimu kukodi bodaboda. Sasa inakaa barazani pasipofika mvua, na waya wa kutoka hapo ni ule mnene, kwa sababu mwembamba ulikuwa unapata moto.

Siku ya kwanza nilianza kwa kiburi: kufyonza, asubuhi baada ya mvua. Dakika mbili tu, bomba likaziba. Nilizima, nikachomoa, nikafungua, nikaanza kukwangua uji wa zambarau kwa kijiti. Baba Njeri, anayetufagilia, alikuwa ameegemea ufagio wake.

"Mama Wanja, hiyo imeshiba."

Sikumjibu.

Kwa hiyo nangoja. Jua likipiga hadi saa saba hivi, maua na majani yamekauka, na mara nyingi mvua bado haijarudi. Kwanza napuliza, bomba likiwa limelala karibu na chini, nikifuata upepo na kuyaswaga kama mbuzi hadi kona moja. Ukielekeza bomba chini moja kwa moja yanatawanyika kila upande. Kabla ya kufyonza naokota kokoto na yale maganda magumu ya mbegu za jakaranda, maana pangaboi la ndani ni la plastiki. Rundo la kufika magotini husagwa likawa nusu mfuko.

Vumbi ndilo lilinigombanisha na jirani. Nilipuliza kuelekea ukuta wake bila kujua ameanika shuka nyeupe. Nilizifua mwenyewe. Siku hizi nachungulia kamba yake kwanza, najifunga leso kichwani, navaa barakoa na miwani.

Yaliyosagwa nayatandaza kwenye shina za sukuma wiki, udongo usikauke haraka. Pembe za ukuta na mtaro bado ni za ufagio. Mashine husukuma uchafu hadi hapo ukakwama. Juzi Baba Njeri aliomba kuijaribu. Baada ya dakika kumi akanirudishia: nzito, tena inalia kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Kisha akauliza kama anaweza kubeba mfuko mmoja wa majani yaliyosagwa, ana miche ya spinachi nyumbani.