Kipande cha bomba kwenye benchi la kliniki

Kliniki yetu ya presha na sukari hapa Dodoma ni Jumanne. Ikifika saa moja na nusu asubuhi benchi limejaa: akina mama wa Nzuguni na Ihumwa, wazee waliodamka kuwahi basi kutoka Bahi na Kibaigwa, kila mtu na daftari lake. Kabla ya kupima, nesi wa zamu anasimama mbele na kutoa elimu. Kwa miaka saba nesi huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, fanyeni mazoezi, msiache dawa. Tumeelewana? "Ndiyooo." Kisha namfunga mashine mtu wa kwanza, inasoma 180 kwa 110.

Nilikuwa nawalaumu wao. Nilisema wazee wabishi, nikasema ni hali ya maisha. Aliyenizindua ni mzee mmoja wa upande wa Chamwino, mvutaji wa sigara tangu ujana wake. Alikuja akilalamika kwamba akitembea kidogo shavu la mguu wa kulia linabana kama limekamatwa na koleo, akisimama linaachia. Jana yake nilikuwa nimehudumia mama lishe ambaye miguu humvimba jioni kwa kusimama kutwa, nikamwambia ainyanyue juu ya mito alalapo, na kweli ilimsaidia. Basi na babu nikampa dawa hiyohiyo ya mdomo: weka mito miwili, inua miguu.

Mwezi uliofuata nikamwamkia. "Shikamoo babu, mguu unaendeleaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ile mito yako imenitesa. Nikiinua, mguu unakuwa wa baridi, unakufa ganzi. Nikiushusha chini ndiyo napata nafuu. Nikaiacha."

Nilivua kiatu chake, katambuga ya tairi, nikagusa juu ya wayo pale mapigo yanapotakiwa kusikika. Mguu wa kushoto yapo. Wa kulia nilitafuta mpaka nikaona aibu, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, hola. Ngozi ilikuwa inang'aa, vinyweleo vimekwisha. Hayo yote yalikuwepo mwezi uliopita, ila sikuwa nimemvua kiatu. Yule mama lishe tatizo lake lilikuwa damu kushindwa kurudi juu. Huyu damu ilikuwa haifiki chini, na mimi nikamwinulia mguu ili ifike kwa shida zaidi.

Daktari alimpa rufaa. Huko walimpima presha ya kifundo cha mguu, wakaigawanya kwa ya mkono, ikatoka 0.62. Ikiwa chini ya 0.9 maana yake mishipa imebana. Akaandikiwa aspirini na atorvastatini, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, juu ya vidonge vyake vya presha, akaambiwa sigara basi, na atembee. Kumfundisha haya ikarudi kwangu.

Hapo nikagundua kwamba hata neno lenyewe lilikuwa linanikwamisha. Nilimwambia, "Babu, mshipa wako umeziba." Bibi aliyekuwa amekaa naye akainamisha kichwa akicheka kwenye kanga, babu akakunja uso. Kumbe kwao mshipa ni ngiri! Miaka saba nimesimama mbele ya benchi nasema mishipa, mishipa, na sijui wangapi walikuwa wananisikia nikitangaza magonjwa ya siri ya wanaume.

Nikaenda kwa fundi bomba wa mtaani kwetu nikamwomba kipande cha bomba la chuma alichokata kwenye nyumba ya zamani. Maji ya Dodoma mnayajua wenyewe, birika likikaa mwaka ndani linakuwa jeupe. Kipande kile nje kizima kabisa, ndani ukoko umejaa mpaka tundu lililobaki kalamu inapita kwa taabu. Jumanne nikakizungusha benchini mkono kwa mkono. Walichungulia kwa jicho moja, wakapitisha kidole, wakaguna. Kwa mara ya kwanza watu wakaniuliza maswali. Nikawaeleza kwamba njia za damu nazo zinabana hivyo, kwa mafuta na makovu, na sigara, presha na sukari ndivyo vinavyozichubua. Zikibana kwenye moyo ni maumivu ya kifua, kichwani ni kiharusi, mguuni ni kama babu.

Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo. Jumanne iliyofuata mama mmoja akaniambia kwa furaha kwamba ameacha maji ya bomba, sasa wanamnunulia ya chupa, kwa sababu "yale ndiyo yanaziba damu." Pesa za mboga zilikuwa zinaishia kwenye maji.

Sikukitupa kile kipande. Ila tangu siku hiyo simwachii mtu aondoke kabla hajanirudishia nilichomwambia kwa maneno yake. Siulizi "umeelewa?" kwa sababu mtu mwenye adabu zake atajibu ndiyo. Nauliza, "Ukifika nyumbani, mkweo akikuuliza nesi kasema nini, utamjibuje?" Kosa likitokea, ni langu la kueleza vibaya, na ninamwambia hivyo. Inachukua dakika mbili zaidi kwa kila mtu, na wenzangu walinung'unika kwamba foleni haiendi. Haiendi kweli.

Lakini ndiyo njia niliyogundulia magadi. Mama mmoja aliniapia kwamba chumvi kaacha kabisa, na presha haishuki. Nikamwambia anipikie kwa mdomo chakula cha jana. Ugali wa uwele na mlenda. Mlenda unauwekaje? "Magadi kidogo tu," akakunja kiganja kunionyesha hicho kidogo. Magadi na chumvi vyote vina sodiamu, ndiyo inayopandisha presha, na mwili hauulizi imetoka kwenye pakiti gani. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Yeye chumvi kaiacha kweli, sodiamu anaila kila jioni. Mimi nilikuwa sijawahi kulitaja neno magadi.

Ndivyo nilivyojua pia kwamba wengi wanakuja kliniki bila kumeza dawa. Wenye sukari huambiwa waje hawajala, wa presha nao wakaiga. Wengine wanakiruka kidonge cha kukojoza kwa sababu ya basi, nami nawaelewa. Na wapo waliosema "dozi nilimaliza." Kwao dawa ni mseto wa malaria, siku tatu umepona. Sasa nawaambia kidonge cha presha ni kama kushikilia mlango upepo unapovuma. Ukiachia mkono, mlango unafunguka.

Tukirudi kwa babu. Kutembea kwake tulikupanga kwa nguzo za umeme za barabara ya kijijini. Atembee mpaka maumivu yawe makali kiasi, asimame yaishe, aendelee, nusu saa au zaidi, angalau siku tatu kwa wiki. Mwanzo alisimama nguzo ya nne. Mwezi wa tatu akafika ya tisa. Sigara ilikuwa ngumu, akahamia ugoro akidhani ni salama, tukagombana. Na ule upepo wa baridi wa Juni na Julai nilimkuta ana lengelenge kidoleni, ameweka miguu karibu na jiko la mkaa. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Tukakubaliana soksi na blanketi, na bibi amkague nyayo kila usiku kwa tochi.

Bado anakuja Jumanne. Nikitoa kipande cha bomba anakidaka yeye, anawaeleza wageni, anakosea kidogo, namrekebisha. Kisha lazima amalizie kwa kuninyooshea kidole: "Na huyu ndiye aliyeniwekea mito miwili."