Bampa Lililojirudi: Mvutano Wangu na Kampuni ya Bima

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa ya ukurasa mmoja, na takwimu tatu zilizokuwamo zilitosha kunikosesha usingizi: gharama ya ukarabati iliyokubaliwa, shilingi 31,000; ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe, shilingi 22,500; na kiasi ambacho kampuni ingetoa, shilingi 8,500. Gereji iliyokuwa na gari langu hapa Kisumu, ambayo imo katika orodha ya gereji za kampuni hiyo hiyo, ilikuwa imekadiria kazi nzima kuwa shilingi 96,500. Ajali ilikuwa ndogo, gari liliweza kuendeshwa, na kila mtu niliyemweleza alinishauri nichukue hizo elfu nane niendelee na maisha. Mimi niliona kwamba mtu anayelipia bima kamili mwaka baada ya mwaka ana haki ya kujua ni kwa hesabu gani hasara ya elfu tisini na sita imegeuzwa kuwa ya elfu thelathini na moja.

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Nilikuwa nimesimama karibu na soko la Kibuye, kwenye barabara kuu ya Jomo Kenyatta, nyuma ya tuktuk iliyokuwa ikishusha abiria, pikapu iliyopakia mbao ilipotoka ukingoni kwa kurudi nyuma bila dereva kutazama. Chuma cha kuvutia trela kilichochomoza nyuma yake kiliingia chini ya taa yangu ya mbele ya kushoto. Hakuna aliyeumia. Dereva alishuka, akapapasa bampa, akasema, "Madam, pole sana, lakini hii ni rangi tu." Nilipiga picha za magari yote mawili yakiwa bado mahali pake, nikachukua nambari ya pikapu na ya cheti chake cha bima, kisha tukaenda kuandikisha taarifa kituoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa Sheria ya Trafiki inataka ajali iripotiwe kwa polisi mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita. Abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuonyesha kwamba ajali imeandikishwa kituoni, na fomu ya dai vilifika kwenye kampuni bila tatizo lolote.

Yule dereva hakuwa akinidanganya, kwa maana hicho ndicho alichokiona. Bampa la gari la siku hizi ni ganda la plastiki linalonyumbuka. Likisukumwa kwa nguvu linaingia ndani, na nguvu hiyo ikiondoka linajirudi karibu na umbo lake la kwanza, likibaki na mkwaruzo na labda ufa mdogo. Vitu vilivyo nyuma yake havina uwezo huo. Kuna povu gumu la kupunguza kishindo, kuna upau wa chuma, kuna vishikizo vya plastiki vinavyobeba taa, na nyuma zaidi kuna kondensa ya kiyoyozi, ambayo ni wavu wa alumini mwembamba unaoweza kutobolewa na jiwe tu. Chuma cha kuvutia trela ni chembamba na hupiga mahali pamoja, kwa hiyo kinaweza kupenya chini ya upau wa chuma na kufanya kazi yake huko ndani, huku nje kukibaki kile ambacho dereva alikiita rangi tu.

Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni alilikagua gari likiwa limefungwa kama lilivyofika. Simlaumu kwa hilo, kwani gereji haina ruhusa ya kufungua chochote kabla ya idhini. Ninachomlaumu ni kwamba ripoti yake haikusema kuwa ukaguzi ulikuwa wa nje peke yake. Iliorodhesha kurekebisha bampa, kupaka rangi bampa na madigadi, na kazi ya fundi, basi. Gereji ilipofungua na kutuma orodha ya nyongeza, jibu lilikuja haraka mno kuliko nilivyotarajia: vishikizo vya taa vilihesabiwa kuwa uharibifu uliokuwapo kabla ya ajali, na kondensa iliyovuja ikahesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, jambo ambalo mkataba hauligharamii. Hakuna aliyekuwa amerudi kulitazama gari. Pamoja na barua hiyo niliambatanishiwa hati ya kukubali malipo, yenye maneno kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho na kwamba sitakuwa na dai jingine lolote kutokana na ajali hiyo. Ukishatia sahihi hati ya namna hiyo, umejifungia mlango mwenyewe, na ndiyo maana niliirudisha bila sahihi, pamoja na barua fupi ya kueleza kwamba sijakataa malipo bali ninapinga makadirio.

Fundi mkuu wa gereji, mzee ambaye amenyoosha magari tangu siku ambazo bampa zilikuwa za chuma, aliniita nije nitazame. Aliishika taa mkononi na kunionyesha mahali kishikizo kilipokatika. "Angalia, mwalimu," akasema, "hii bado ni safi, haijala vumbi." Kingo za mpasuko zilikuwa nyeupe na kali, zinakwaruza kidole. Kisha akanionyesha kishikizo cha pembeni ambacho kilikuwa kimepasuka zamani kidogo, labda hata kabla ya gari kutoka Japani: mpasuko huo ulikuwa wa kijivu, umejaa udongo mwekundu. Kwenye kondensa, mapezi yaliyokunjika, yaani vibati vyembamba vya wavu huo, yaling'aa mahali alumini ilipokwaruzwa, ilhali wavu uliobaki ulikuwa umefifia kwa vumbi na wadudu waliokaukia humo. Na mafuta ya kiyoyozi yalikuwa yametapakaa kuanzia pale pale palipokunjika. Tulipima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye alama hiyo, nikapiga picha rula ikiwa pembeni. Kile kishikizo cha zamani sikukidai, na nilitaja waziwazi katika barua yangu kwamba sikidai. Naamini sentensi hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko aya mbili za malalamiko.

Nilirudi kwenye mkataba wenyewe, si kile kikaratasi cha muhtasari bali kijitabu cha masharti ambacho wengi wetu tunakiacha kwenye bahasha. Kipengele cha uchakavu kipo kweli, na ni cha haki, kwa sababu bima ya gari hulipia tukio la ghafla wala hailipii kuzeeka. Lakini mahakama zetu zinafuata kanuni ya kwamba kampuni inayotaka kujiondoa katika wajibu kwa kutegemea kipengele kama hicho ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba kipengele hicho kinahusika. Anayedai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha, na Sheria ya Ushahidi inasema hivyo katika kifungu cha 107. Aidha, penye utata katika maneno ya mkataba, maneno hayo hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kampuni haikuwa imethibitisha chochote. Ilikuwa imetamka tu.

Hata hivyo, kilichogeuza mambo kilikuwa karatasi ambayo kampuni ilikuwa nayo muda wote. Unapokata bima kamili hapa Kenya, kwa kawaida kampuni hukutuma kwa mthamini iliyemchagua yenyewe, ambaye hulikagua gari, hulipiga picha pande zote, huendesha mitambo na kuandika ripoti ya thamani. Wengi wetu hutazama thamani tu, kwa sababu ndiyo inayoamua malipo ya mwaka na ndiyo inayotumika kupiga hesabu ya ekses: yangu ilikuwa shilingi 900,000, na ekses ni asilimia 2.5 ya hiyo. Ripoti hiyo ina kurasa nyingine pia. Ukurasa wa hali ya gari ulisema kwamba taa zote za mbele ziko imara na kwamba kiyoyozi kinafanya kazi, na picha ya mbele ilionyesha taa ya kushoto ikiwa imekaa sawasawa na mstari wa boneti. Ripoti hiyo ilikuwa na umri wa miezi michache tu. Kampuni haiwezi kuitegemea ripoti ya mthamini wake inapopokea fedha zangu, kisha ikaisahau inapodaiwa.

Wakala aliyeniuzia bima alikuwa mwenye maneno matamu kwenye simu, na zaidi ya hayo hakuwa na msaada. Ni vyema kukumbuka kwamba wakala kisheria huiwakilisha kampuni ya bima. Anayemwakilisha mteja ni dalali wa bima aliyesajiliwa, na hao wawili watu huwachanganya kila siku. Kwa hiyo niliandika moja kwa moja kwa idara ya madai. Niliomba mambo matatu: nakala ya ripoti nzima ya mkadiriaji pamoja na picha zake, sababu zilizoandikwa za kukataa kila kifaa kimoja kimoja, na ukaguzi wa pili gari likiwa limefunguliwa. Kuhusu nakala ya ripoti, nilitaja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine iwapo inahitajika ili kulinda haki yake, na Kifungu cha 46 kuhusu haki za watumiaji wa bidhaa na huduma. Niliongeza kwamba nisipojibiwa nitapeleka faili hiyo kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo hupokea malalamiko ya wateja pale mteja anapokuwa ameanza kwa kampuni yenyewe na kushindwa kupata suluhu. Sikutumia neno "wizi" wala "utapeli," ingawa nilikuwa nayo tayari kwenye ncha ya kalamu. Barua hiyo hiyo ndiyo ambayo ingesomwa na Mamlaka, na afisa anayesoma faili hupendelea tarehe na picha kuliko hasira.

Ukaguzi wa pili ulifanywa na mkadiriaji mwingine. Huyu aliinama, akamulika kwa tochi, akajipimia mwenyewe urefu wa alama kutoka chini, akauliza picha za pikapu, na akalinganisha kimo cha kile chuma na mahali kondensa ilipokunjika. Hatukubishana hata kidogo kuhusu chanzo cha uharibifu. Tulibishana kuhusu vipuri. Gereji ilikuwa imeweka bei ya taa mpya. Yeye alisema kwamba gari lililoingia nchini likiwa limetumika haliwezi kudai taa mpya kabisa bila mwenyewe kuchangia tofauti ya bei, kwa sababu fidia hukurudisha pale ulipokuwa, haikupandishi juu zaidi. Hapo alikuwa na hoja, na nilikubali taa iliyotumika kutoka Japani, kwa sharti kwamba kioo chake kiwe angavu kama cha upande wa pili, na sharti hilo likaandikwa kwenye idhini. Kondensa nilisisitiza iwe mpya, kwa kuwa kifaa hicho kikiwa kimetumika na kukaa wazi dukani hakuna ajuaye kama kinavuja hadi kijazwe gesi, na gesi hiyo nani angeilipia mara ya pili? Fremu inayobeba redieta gereji ilitaka kuibadilisha. Yeye akasema inyooshwe. Nilimuuliza mzee wetu faraghani, naye akakiri kwamba ilikuwa imepinda kidogo tu na kunyoosha kunatosha. Jambo hilo linafaa kusemwa: gereji nayo ina maslahi yake, na si kila kilichomo katika makadirio yake ni haki ya mteja.

Jumla iliyokubaliwa ilikuwa shilingi 78,000. Kwa kuondoa ekses, kampuni ililipa gereji 55,500 badala ya 8,500, na mimi nikalipa 22,500 yangu. Kabla ya kuchukua gari nilikataa kutia sahihi hati ya kuridhika na kazi hadi kiyoyozi kilipowashwa na taa zikamulikwa ukutani usiku, kwani hati hiyo huwa inaletwa pamoja na funguo, mtu akiwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Iliyobaki ni ekses, ambayo sioni sababu ya kuibeba kwa kosa la mtu mwingine. Sheria inayolazimisha bima ya mtu wa tatu, yaani ya kuwafidia watu wengine wanaodhuriwa na gari lako, Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha. Bima ya uharibifu wa mali haitakiwi na sheria hiyo, ingawa mikataba mingi huiongeza. Kwa hiyo nilimwandikia mwenye pikapu mwenyewe, nikamwambatanishia abstrakti, picha na risiti ya gereji, nikamweleza kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uharibifu wa mali, na kwamba mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Alipiga simu jioni hiyo hiyo, akaanza na "mwalimu, hatuwezi kufikishana huko," na tukakubaliana alipe kwa sehemu mbili, makubaliano ambayo niliyaandika na wote wawili tukatia sahihi. Sehemu ya kwanza imeingia kwa M-Pesa. Ya pili inatakiwa mwisho wa mwezi, na fomu za mahakama nimeshazichapisha.