Siku moja maishani mwangu: rubani, vijana wa mtaa na Cessna 172

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ya kuwafundisha vijana wa mtaa kurusha ndege huanzia kwenye simu, kwa ripoti ya hali ya hewa ya Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, ambao kwa marubani ni HKMO. Msimu wa kusi ndio wenye hesabu nyingi. Upepo ukitoka nyuzi 160 kwa noti 14 (noti ni maili ya baharini kwa saa), nasi tunatumia njia ya kurukia namba 21, inayoelekea nyuzi 210, tofauti ni nyuzi 50, kwa hiyo upepo wa kando unakaribia noti 11. Watengenezaji wa Cessna 172, ndege yetu ndogo ya viti vinne, waliijaribu hadi noti 15 za upepo wa kando, lakini nikiwa na mwanafunzi sipiti noti 8. Siku upepo huo ukifika noti 11 tunabaki chini, na vijana wanaelezwa kwa nini, kwa hesabu hiyo hiyo.

Saa 12:30. Tunakutana getini. Vijana wanatoka Kisauni, Likoni na Changamwe, wale ambao wazazi au walimu wameona wanaanza kuvutwa na magenge, unga (heroini) au muguka (majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi). Wa Likoni huambiwa wawahi feri mapema, maana foleni ya Changamwe ikishashika hakuna matatu itakayowaokoa. Nauli hutumwa usiku. Kila mmoja ana barua ya mzazi, kitambulisho au nakala ya cheti cha kuzaliwa, kizibao cha reflekta na viatu vya kufunika mguu. Ndara hazivuki geti.

Chai na mahamri mawili kwa kila mtu. Mbaazi za nazi zinangoja hadi tushuke. Njaa hutapisha angani, na shibe vilevile. Hapo ndipo ninapouliza usingizi. Aliyekesha na muguka haruki siku hiyo, ila hafukuzwi, anapewa kazi za chini. Ukimfukuza, saa tatu yuko maskani, kijiweni kwa genge, na maskani hawamuulizi alilala saa ngapi.

Saa 1:15. Ukaguzi wa ndege. Rubani mzoefu huumaliza kwa dakika 15, sisi tunaupa 40, na kwangu hii ndiyo kazi yenyewe ya siku. Wanafanya wawili wawili: mmoja anasoma orodha kwa sauti, mwenzake anagusa kitu na kutaja anachokiona. Jibu la "sawa" peke yake halikubaliwi.

Mafuta kwanza. Chini ya tangi kuna vali ndogo. Unaisukuma kwa kikombe cha plastiki hadi kijae nusu. Petroli yetu ya ndege, AVGAS 100LL, ni ya buluu. Maji ni mazito zaidi, hukaa chini yakiwa tone lisilo na rangi linaloteleza ukikiinamisha kikombe. Pwani tunayaona mara kwa mara: tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa ya bahari hugeuka matone ndani yake usiku. Kikombe cha hatari zaidi ni kilichojaa maji matupu, kwa sababu hakina mstari wowote wa kutenganisha maji na mafuta, na kijana huapa kuwa ni safi. Ndiyo maana tunakiinua mbele ya kitu cheupe na kuuliza: buluu iko wapi? Maji yakionekana, tunatikisa mabawa polepole, tunangoja yashuke, tunachuja tena. Yasipoisha, fundi anaitwa. Mafuta haya yana madini ya risasi, hayapakwi mkononi wala kumwagwa sakafuni.

Kisha mrija wa pito, chini ya bawa la kushoto, unaoipelekea mita ya mwendo hewa yake. Ukiachwa bila kifuniko, nyigu wa matope huuziba, na ndege ikianza kukimbia mshale wa mwendo haunyanyuki. Hapo ni kupunguza nguvu, kufunga breki na kurudi. Kuupuliza kwa mdomo ni kuiharibu mita. Baada ya hapo oili, kwoti 6 (kama lita 5.7) au zaidi kwenye dipstiki. Halafu kutu ya chumvi, ambayo hujionyesha kwa rangi iliyofura kando ya ribiti na unga mweupe juu ya alumini.

Sheria ya ukaguzi ni kwamba yeyote akisema "simama", tunasimama, hata akiwa mdogo wa wote, hata akiwa amekosea. Mtaani kijana huyu amezoea kunyamaza wakubwa wa genge wakisema. Mwanzoni husema chinichini: "Kapteni, hii tairi naona kama nyuzi zimetokea." Tunaenda wote kuinama na kuitazama.

Saa 2:30. Mwanafunzi mmoja mbele, mwingine nyuma akiandika nyakati. Injini kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, tunajaribu magneto, vyanzo viwili vya cheche za injini, moja moja: mshuko usizidi mizunguko 125, na tofauti kati ya mbili hizo isizidi 50. Ikitetemeka kwenye moja, mara nyingi ni plagi iliyoshika risasi. Tunapunguza mafuta kwenye mchanganyiko kwa muda ili uchafu uungue. Ikikataa, tunarudi bandani.

Angani ni dakika 30 tu, juu ya Tudor na Daraja la Nyali, kisha kaskazini kando ya pwani. Karibu wote huukaba usukani hadi mishipa ya mkono inasimama. Ndege inapanda, inashuka, nao wanaikimbiza. Nawaambia washike kwa vidole viwili, macho yawe kwenye upeo wa bahari, na trimu, gurudumu dogo la kusawazisha ndege, ibebe uzito uliobaki. Inatulia. Macho ya nje yana kazi nyingine pia, kwani kunguru na mwewe wa mji huu hawapishi ndege.

Saa 6 mchana haturuki. Hewa ya joto ni nyepesi: joto likifika 33, ni nyuzi 18 juu ya kiwango cha kawaida cha 15, na kila nyuzi ni kama kuuinua uwanja futi 120. Uwanja ulio futi 200 hivi juu ya bahari unakuwa kwa injini kama uko zaidi ya futi 2,300. Tunaiosha ndege kwa maji yasiyo na chumvi.

Saa 9 alasiri. Hesabu ya safari ya Malindi: maili 57 za baharini kwa noti 100 ni dakika 34. Kwenda na kurudi ni dakika 68, kutembea chini 10, akiba 45, jumla 123. Kwa lita 32 kila saa ni lita 66 za mafuta. Wapo waliofeli hesabu darasani wanaoipata hii bila kusaidiwa.

Halafu ukweli wa kazi. Leseni ya rubani binafsi inataka miaka 17 na angalau saa 40 angani. Ya biashara, miaka 18 na kwa kawaida saa 200. Gharama ni kubwa, na kumwahidi kila mmoja kiti cha mbele ni kumdanganya. Wanaonyeshwa pia ufundi, ujazaji mafuta, mizigo, mnara na hali ya hewa. Kazi nyingi za uwanjani zinadai cheti cha polisi cha tabia njema. Mwenye kesi ndogo atafutiwe wakili mapema, kabla hajazuiwa getini akiwa tayari amewaambia watu nyumbani kwamba amepata kazi.

Saa 12 jioni nawatafuta ambao hawakuja. Nampigia mama au nyanya kwanza, salamu kabla ya swali. Sababu mara nyingi ni nauli, viatu au mdogo wake mgonjwa, na hizo hutatuliwa usiku huo huo. Ikiwa ni genge, simu haitoshi: naenda kesho yake mchana, pamoja na mwenzake wa ukaguzi.